Kikombe cha Nne

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo chai hunikaa mdomoni isishuke. Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda cha hospitali hapa Musoma, karatasi mkononi, na mzee aliyelala kitandani ananiambia nisome. Nitakufikisha kwenye kitanda kile, ila kwanza nikupitishe kwenye nguzo, maana kosa lilianzia huko. Umeniambia wiki ijayo unaanza kazi ya kuchora laini za umeme, nami nimefurahi kweli. Sasa kaa unisikilize, na hiyo simu iweke mfukoni.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilitoka kwetu Majita, kwa wavuvi, nikasomea ufundi, nikapewa meza katika ofisi ya umeme mjini. Ilikuwa miaka ile ya shida. Sabuni kwa foleni, sukari kwa kugawiwa, na magari ya ofisi yamepandishwa juu ya mawe kwa kukosa matairi. Nilikuwa na jozi moja ya viatu na kitabu kimoja kikubwa cha ng'ambo, na vyote viwili nilivitembeza mjini ili watu wavione. Ungeniona ungecheka.

Unavijua vile vyombo vya kauri vinavyoning'inia kwenye nguzo kubwa, kimoja chini ya kingine, vikiwa vimeshika waya. Mafundi wetu waliviita vikombe, ingawa mimi naona vinafanana zaidi na sahani zilizopinduliwa. Kazi yake ni kuuzuia umeme usiifikie nguzo. Ndani ya kauri umeme haupiti, lakini hutafuta njia ya kutambaa juu ya uso wake. Ndiyo sababu chini ya kila kikombe mna mikunjo, ili njia hiyo iwe ndefu, na ibaki sehemu kavu hata mvua ikinyesha. Ukiongeza kikombe, umeirefusha njia. Anayechora laini ndiye anayeamua viwe vingapi.

Laini yetu ya kwenda Bunda ilikuwa na vikombe vinne kila mahali. Jedwali la kitabu changu lilisema vitatu vinatosha. Wakati huo vikombe vipya vilikuwa haviingii nchini, na ng'ambo ya Bunda kulikuwa na kituo cha afya kilichokuwa kinaomba umeme kwa muda mrefu, akina mama wanajifungua kwa mwanga wa kibatari. Nikapiga hesabu: tukitoa kimoja kwenye kila vinne, tunapata vya kujengea laini mpya hadi kituoni. Mkuu wangu alisimama mbele ya ofisi nzima akanipigia makofi. Nia yangu ilikuwa njema, mwanangu, sitajisingizia ubaya ambao sikuwa nao. Ila yale makofi nayo nilikuwa nayapenda.

Aliyekuja kunipinga alikuwa mmoja tu, Mzee Wambura, kiongozi wa mafundi wa nguzoni, Mzanaki wa kijiji cha Buswahili. Laini ile aliijenga kwa mikono yake. Shule hakwenda mbali, alikuwa mtu wa kuweka dole gumba badala ya sahihi. Alisimama mbele ya meza yangu, kofia kaishika kifuani, kama vile mimi ndiye mkubwa.

"Masatu, kijana wangu," akasema, "kule Bunda toa, hata mimi nakubali. Lakini huku karibu na ziwa acha vinne. Wale wadudu wa ziwani huwaga wanaganda pale."

"Mzee, wadudu hawamo kwenye hesabu," nikamjibu. Wenzangu wakacheka.

"Basi waweke," akasema, "maana kwenye nguzo wamo."

Akavaa kofia yake akaondoka. Nami nikaendelea kucheka na wenzangu, na kicheko kile bado kinaniuma. Vikombe vikatolewa laini nzima, hata kando ya ziwa, vikawekwa ghalani kungoja laini mpya.

Wadudu aliowasema unawafahamu. Wanainuka juu ya ziwa kama moshi wa msitu unaoungua, upepo ukiwaleta mjini hata mlango huwezi kuufungua. Wanagonga vikombe, wanakufa, wanaganda. Vumbi la kiangazi linakuja juu yao. Mvua kubwa ingeviosha, lakini kabla ya mvua kubwa huja manyunyu, na manyunyu hayaoshi, yanalowesha tu. Ule uchafu ukilowa, umeme umepata barabara. Kile kikombe cha nne nilichokiita cha ziada ndicho kilichokuwa kinaukatisha tamaa.

Manyunyu ya kwanza yalipokuja, laini ikakatika. Ya pili, ikakatika tena. Pampu ya maji ya mji ikasimama, watu wa mitaa ya Kitaji na Nyakato wakarudi ziwani na ndoo. Badala ya kusema nimekosea, nikapanga zamu: kila wiki laini izimwe saa chache mchana, mafundi wapande nguzo zote za kando ya ziwa, wafute vikombe kwa matambara. Hapo hata jedwali langu halikuwa na la kusema. Nilikuwa nawapandisha watu nguzoni ili kosa langu lisionekane.

Mikanda ya kupandia ilikuwa imechakaa yote. Mipya haikuwepo, wenyewe walikuwa wanaishona kwa nyuzi za nyavu. Alasiri moja mkanda wa Mzee Wambura ulikatika akiwa juu, tambara mkononi. Alianguka akavunjika nyonga.

Kesho yake nikapewa fomu ya ajali niijaze, kwa kuwa zamu ile niliipanga mimi. Fomu ilikuwa na mstari mmoja unaouliza chanzo. Nilikaa nao kutwa nzima. Nilijua nikiandika habari ya vikombe, nimekwisha. Mwishowe nikaandika kwamba fundi alipanda bila kuukagua mkanda wake. Nikajiambia si uongo, huenda kweli hakuukagua. Jihadhari na siku utakapojikuta unasema "huenda kweli", mwanangu.

Fomu ilihitaji dole lake. Nikaenda hospitalini. Mkewe alikuwa ametoka kufuata uji, tulikuwa wawili tu.

"Nisomee kwanza," Mzee akasema.

Nikasoma jina lake. Nikasoma namba ya nguzo. Nikafika kwenye chanzo, nikaanza kuikunja karatasi.

"Soma, mwanangu. Mimi si mtoto."

Nikasoma. Akaelekeza macho yake kwenye mabati ya paa.

"Na vikombe umeviandika wapi?"

"Sikuviandika, Mzee."

"Ukiviandika watakufanyaje?"

"Watanifukuza."

Akavuta pumzi polepole, maana hata kuvuta pumzi kulikuwa kunamuuma. "Mimi sitapanda tena, hata uandike vizuri namna gani. Wewe bado utachora. Dole nitaweka. Lakini rudisha kikombe cha nne huku ziwani, wenzangu wasije wakapandishwa tena kufuta wadudu."

Ningeweza kuichana. Ilikuwa karatasi moja tu. Badala yake nikafungua kisanduku cha wino nilichokuja nacho, nikamshika kidole, nikakikandamiza mwenyewe, kwa kuwa yeye hakuweza kujiinua. Nilipotoka pale nilikutana na mkewe mlangoni na kibakuli cha uji. Akanishukuru kwa kuja kumwona mgonjwa.

Kikombe nilikirudisha. Ndipo nilipohesabu upya nikagundua kwamba vile vya upande wa Bunda peke yake vilikuwa vinatosha kabisa kwa kituo cha afya. Mzee alikuwa amenipa jibu zima, amesimama na kofia yake mkononi, nami sikujisumbua hata kulihesabu. Laini ya ziwani haikukatika tena kwa manyunyu, nami nikapandishwa cheo. Yeye alirudi Buswahili na fimbo, hakuagwa na mtu.

Miaka ikapita, mambo yakageuka. Maduka yakajaa, bidhaa zikawa zinatoka kila upande wa dunia, hata vikombe vikawa vinakuja kwa makontena. Ofisi nazo zikaanza kupunguza watu na kusafisha makabati. Asubuhi moja nilipita uani nikakuta majalada ya zamani yamerundikwa yachomwe, na jalada la ajali lilikuwa juu kabisa. Nikalifungua. Dole lake lilikuwepo bado, zambarau, na chini yake mwandiko wangu mzuri. Mhudumu alikuwa ameshika kiberiti, ananisubiri niondoke. Ningeondoka tu, mwanangu, na leo usingekuwa unasikia habari hii.

Niliikunja karatasi nikaitia mfukoni. Jumamosi yake nikapanda pikapu ya abiria hadi Buswahili.

Nilimkuta Mzee Wambura ameketi kwenye kigoda, anachonga mpini wa jembe. Mkewe alikuwepo, na mwana wao Magesa, mtu mzima sasa, ambaye aliniletea kiti akaniita bosi. Neno lile lilinichoma. Sikungoja hata maji ya kunywa. Nikasema nimekuja kusoma karatasi, nikaisoma, kisha nikasema yote ambayo sikuyaandika: vikombe, wadudu, kicheko cha ofisini, zamu ya matambara, kitanda, wino.

Mama aliweka chini ungo wake. Magesa akaichukua karatasi mkononi mwangu.

"Mimi nilikujaga ofisini kwenu kuomba kazi ya nguzoni," akasema. "Karani akafungua jalada akanisomea hiyo hiyo. Akasema hatuchukui mtoto wa mzembe. Nikarudi hapa nikamwambia baba, mbele ya wajomba, kwamba uzembe wake umenifungia mlango. Miaka sita sijala naye sahani moja."

Sikujua. Naapa mbele ya Mungu, sikujua. Nilidhani karatasi ile ilikuwa kati yangu na mzee, kumbe ilikuwa imetembea hadi nyumbani kwake ikakaa mezani na kugawa sahani. Nikaanza kumwomba Mzee msamaha, machozi yakinitoka waziwazi, nikiwa mtu mwenye cheo na mvi za kwanza.

Akanikatiza. "Kikombe kipo?"

"Kipo, Mzee."

"Basi mimi na wewe tulimalizana. Muombe huyu."

Nikamgeukia Magesa. Alikuwa ameshapiga magoti, lakini si kwangu. Alikuwa amepiga magoti mbele ya baba yake, ameshika ile miguu isiyotembea vizuri, na anauliza, "Mbona hukuniambia, baba? Mbona hukuniambia?"

Mzee akaweka kisu chini, akamshika kichwa.

"Inuka, mwanangu," akasema. "Wewe ulisomewa kilichoandikwa."

Alisema kwa sauti ile ile ya upole aliyotumia kuniambia niwaweke wadudu kwenye hesabu. Magesa alinisamehe baadaye, polepole, na leo hii tukikutana tunasalimiana vizuri. Karatasi ile anayo yeye. Nyuma yake nimeandika kwa mkono wangu ukweli wote na kuweka jina langu.

Sasa nikuambie ninachotaka kwako. Ukikuta kitu kwenye laini ambacho kitabu chako hakikihitaji, usikitoe kabla hujamtafuta aliyekiweka. Huenda hajui kukuandikia sababu, lakini anaijua, na atakuja mwenyewe kukuambia kama hutamcheka. Wewe ukiongeza kitu, andika pembeni mwa mchoro kwa nini umekiongeza, kwa maneno ambayo hata mgeni ataelewa. Na unapoandika habari ya mtu, hasa mtu asiyeweza kusoma ulichoandika, mfikirie mwanawe amesimama mbele ya karani anasomewa. Atasomewa, mwanangu. Usifikiri hatasomewa.

Nenda kazini kwa amani. Mungu wa baba zetu akutangulie barabarani na akulinde na nguzo zote utakazosimama chini yake. Akupe masikio kwa wanaopanda, wewe unayechora. Na siku utakapokosea, kwa kuwa utakosea kama nilivyokosea mimi, akupe nguvu ya kuandika jina lako mwenyewe kwenye ule mstari wa chanzo.