Gundi ya Mguu wa Bi Mwanaidi

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, Bi Mwanaidi alipoingia katika karakana yetu ya miguu ya bandia pale Tanga, ametoka Moa kwa basi la alfajiri, magongo kwapani. Mguu wake ulikatwa chini ya goti. Jumamosi alikuwa anamwoza bintiye, na haja yake ilikuwa moja tu: amtoe bi harusi ndani kwa miguu miwili.

Nilikuwa kijana, na huruma ilinijaa. Mguu nilikwisha kuuunda tangu alipokuja kupimwa; unyayo wa mpira nimeugandisha kwenye muundi wake wa mti kwa gundi mpya. Nikautundikia mfuko wa saruji, ukashika. Nikaning'inia mwenyewe, wenzangu wakacheka, ukashika. Nikaona yamekwisha.

Mkuu wetu, Mama Hilda, Mshambaa wa Lushoto, Mlutheri asiyekosa kwaya wala kujua kunong'ona, akautia mguu ule kwenye mashine yake: mota ya cherehani iliyoukunja unyayo na kuukunjua kama mtu anavyotembea, kutwa nzima.

"Mama, mguu umebeba saruji," nikalalamika.

"Umebeba mara moja. Sasa tuuchoshe."

Bi Mwanaidi, aliyekaa benchini akiitazama mashine, akauliza kwa upole, "Na maji je, wanangu? Mie natawadha mara tano kwa siku. Na huu nao nitauosha, si mguu wangu?"

Mimi niliyetawadha alfajiri ile ile sikuwa nimeliwaza hilo! Tukawa tunaumwagia maji huku unakunjwa. Bi Mwanaidi akalala kwa dada yake Pongwe, na aliporudi kesho yake mchana, unyayo ulikuwa umefunua mdomo kama ndara kuukuu. Bandu bandu huisha gogo.

Akalia. Nami machozi yakanitoka, nikamsihi Mama Hilda tuubandike tena, auvae walau siku ya harusi.

"Umwangushe mbele ya wakwe zake?" akanijibu. Kisha akaketi, akamshika mkono mgeni wetu. "Dada, nenda na magongo. Mguu nitakupa wa kukimbizana na wajukuu."

Basi, mwanangu, umekuja kunieleza kwamba mchumba wako alisimama nawe msibani, kwa hiyo anatosha. Alifanya jambo jema, nami namshukuru. Lakini ule ulikuwa mfuko wa saruji. Ndoa huchoshwa na vidogo: mchuzi uliozidi chumvi, salamu isiyojibiwa, neno lile lile la kuudhi kila jioni. Mtazame katika hayo, ujitazame na wewe, na ukihitaji muda usione haya kuuomba. Watu watasema, kisha watanyamaza.

Bi Mwanaidi aliondoka na magongo, akamwoza bintiye, akarudi kuchukua mguu wa gundi nyingine iliyokwisha kuchoshwa ikakataa kuachia. Mara ya mwisho kumwona alikuwa anamkimbiza mjukuu uani kwetu, miguu yote miwili imelowa maji ya udhu, anacheka.

Mungu akujaalie wa kushikana nawe kiangazi na masika, mwanangu. Amina.