Mkono wa Kumpiga Pweza

Nimehangaika Mombasa, Maskati na Johannesburg, lakini hakuna mahali nilipotulia kama katika gereji ya nyumba ya mzee mmoja wa Kiitaliano, huku ughaibuni, Smithfield. Niliajiriwa kumwogesha na kumpikia. Kila mchana alinifundisha kuendesha projekta yake na kunisimulia filamu alizotengeneza.

Ya kwanza haikuwa na hadithi. Mwanamke yuko mwambani, anampiga pweza kwenye jiwe, anampiga tu, mpaka filamu inakwisha. Mwanamke huyo alikuwa mkewe, aliyekufa mtoto wao akiwa bado ananyonya. Siku ya kuionyesha, mtazamaji alimrushia mzee kiti akampasua paji la uso; kovu bado lipo.

"Wenye sinema wakaniambia, weka wanawake uchi, utakula. Nikaweka. Nikala," mzee alinisimulia.

Polisi walimvunjia mlango, kaka za waigizaji wakamvunja mbavu, na sinema zikajaa.

Nilimwambia kwamba kwetu Tanga mama naye alimpiga pweza hivyo hivyo. Asipopigwa, unatafuna mpira. Mzee akacheka mpaka akapaliwa. "Kumbe watazamaji wangu walikuwa Tanga!"

Asubuhi moja mwanawe aliingia na nyundo. Shuleni, binti yake alikuwa ameonyeshwa kwenye simu kazi za babu yake. Akapigana, akang'olewa jino.

"Uko wapi uchafu wako?"

"Vunja yote," mzee akasema, akimwonyesha makopo ya filamu rafuni. "Hili niachie." Alikuwa amekumbatia kopo moja kifuani.

Hapo alikosea. Mwanawe aliona kinachofichwa ndicho kichafu kuliko vyote.

Alianza na ya rafuni. Makopo yalipasuka, tepe zikamwagika sakafuni kama matumbo ya mbuzi. Nilipomshika alinipiga kiwiko cha mdomo, nikaangukia mashine ya kufulia, nikatema damu. Akampokonya baba yake lile kopo, akalibwaga chini.

"Humo yumo mama yako!" nikapiga kelele.

Na mimi nikakosea.

"Hata mama ulimvua nguo, mbwa wewe?"

Nyundo ilishuka. Mzee alikuwa ameshalifunika kopo kwa kiganja. Nilisikia mifupa kabla sijamsikia yeye.

Mwanawe aliiacha nyundo, akavua shati lake, akaufunga mkono wa baba yake.

"Tukimbilie hospitali, baba."

"Kwanza washa," mzee akaniambia, meno yakigongana.

Nikaitoa filamu koponi, nikaipachika kwenye projekta, nikawasha. Ukutani akatokea mwanamke mwenye kitambaa kichwani na gauni la kufika miguuni, maji yakimchuruzika. Akainua pweza, akapiga. Akainua, akapiga. Pale kopo lilipobonyea, picha iliruka, kisha mkono ukaendelea. Mate yakanijaa mdomoni pamoja na damu. Nilitamani pweza wa mama.

Mwanawe alisogea mpaka kivuli chake kikagusa picha.

"Anatumia mkono wa kushoto," alisema.

Alikuwa ameiokota tena nyundo, na ilikuwa katika mkono wake wa kushoto. Akaitazama, akaiweka chini taratibu.

"Haya," mzee akasema, "sasa nipelekeni hospitali."