Mngurumo Nyuma ya Mabati

Niliacha shule nikiwa darasa la saba, na tangu hapo sijawahi kumaliza mwaka mahali pamoja bila miguu kuniwasha. Nimebeba magunia Migori mjini, nimeswaga ng'ombe wa watu hadi soko la Ogwedhi, nimepaka rangi mabweni Asumbi. Nilipofika Kosele nilikodi chumba cha mabati nikaanza kuchajia watu simu. Ploti ile haikuwa na stima. Nilikuwa na paneli moja ya sola, betri ya lori, na inveta niliyoiunda mwenyewe kwa transfoma kuukuu, kwa maelekezo ya fundi mmoja wa Migori.

Kazi ya inveta ni kuchukua umeme wa betri, unaokwenda upande mmoja tu, na kuufanya uende na kurudi kama stima ya nyumbani. Yangu ilifanya hivyo kwa ubabe. Iliusukuma wote huku, kisha wote kule, kama mtu anayefungua na kufunga mlango kwa teke, karibu mara hamsini kwa sekunde. Kila teke lilitikisa chuma cha transfoma, na chuma kilinguruma. Nilikuwa nimeifunga ukutani kwa misumari, na upande wa pili wa ukuta huo ulikuwa kanisa la Wasabato.

Alasiri za Jumatano na Alhamisi kwaya ilifanya mazoezi. Waliimba bila ala yoyote. Mwalimu wao, mama mmoja asiyependa mchezo, alitoa noti ya kwanza kwa kinanda kilichokuwa ndani ya simu yake, kisha nyimbo zikafuatana moja kwa moja kwa muda wa saa nzima. Mwishoni alibonyeza noti ileile kuwapima. Kila mara ilikuwa vilevile: kwaya imeteremka. Naye mkosaji alishamjua. Ni mzee wa sauti ya nne, aliyekaa benchi la nyuma, mgongo kwenye mabati.

"Jaduong', unatuvuta chini," nilimsikia akimwambia mzee huyo Jumatano moja. "Ni wewe, na wenzako wanakufuata."

"Mwalimu, besi kazi yake si ni kukaa chini?"

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka.

"Chini sawa, lakini si kuzimu. Makambi ni wiki ijayo, na makanisa yote yatatusikiliza. Kesho ukishuka tena, utakaa na waumini wengine, usikilize."

Kicheko kikakatika. Mzee yule alikuwa ameimba pale tangu ukuta wa kanisa ukiwa wa udongo. Alipopita kuchukua simu yake jioni hakunisalimia, na hakuwa mtu wa kukosa salamu.

Mimi nilibaki na swali. Wakati wakiimba nilikuwa nikivumisha wimbo puani, na nilikuwa nimegundua kwamba siifuati kwaya, ninaifuata inveta. Tena tulikuwa tumekubaliana sauti wote watatu, mimi, inveta na mzee. Nilikuwa na mita ya mtumba inayoweza kuhesabu umeme unakwenda na kurudi mara ngapi kwa sekunde. Niliichomeka asubuhi, betri ikiwa imejaa: hamsini na mbili. Nikaacha simu za watu zinywe umeme, na baada ya saa moja nikatazama tena: arobaini na nane. Betri ilikuwa ikichoka na mateke yalikuwa yakipungua, na mngurumo ulikuwa ukishuka polepole kiasi kwamba sikio halistuki.

Alhamisi, kwaya ilipoanza, nilizima inveta bila kumwambia mtu. Mteja mmoja akalalamika kwamba simu yake imekwama. Nikamwambia asubiri, kuna jambo nalichunguza.

"Unachunguza nini na mimi niko asilimia tatu?"

Saa moja ikapita. Nikasikia noti ya simu.

"Rudieni ule wa mwisho," mwalimu alisema. Wakarudia. Noti ikalia tena, ileile waliyokuwa wameishikilia. "Jaduong', leo umekula nini?"

"Ugali wa jana."

Hapo nikazunguka nikaingia kanisani na kukiri kwamba inveta yangu ndiyo iliyokuwa ikiwashusha. Mwalimu alinitazama kama anayemtazama mlevi. Nikamwomba mzee aweke sikio kwenye mabati, nikarudi kuwasha, nikazima, nikawasha. Niliporudi alikuwa bado ameinama pale.

"Hiyo sauti inatoka kwako?"

"Inatoka kwangu, baba."

"Ndugu yangu alianza hivyo. Mvumo sikioni, halafu akawa kiziwi kabisa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nimeisikia miezi yote hii, nikaogopa kuuliza kama kuna mwingine anaisikia."

Mwalimu alikaa kwenye benchi. "Na mimi nikakugombeza mbele ya watoto wako wanaoimba nawe," alisema. Kisha akachukua daftari lake, akaandika jina la mzee kwenye orodha ya makambi mbele yetu sote.

Walipokwenda makambi nilimpigia simu fundi wa Migori. Akaniambia niache mateke: nifunge saketi inayokata umeme vipande maelfu kwa sekunde, vyembamba mwanzoni, vipana katikati, vyembamba tena, kisha vivyo hivyo kwa upande wa pili. Transfoma haioni vipande. Inaona wimbi moja linalopanda na kushuka taratibu. Na mwendo wake unapimwa na kipande kidogo cha fuwele kinachotetemeka kwa kasi isiyobadilika, hivyo betri ichoke isichoke, hesabu ni hamsini. Nilikesha nikiifunga, huku nikijiuliza nani alifikiria kwanza kwamba ukikatakata kitu vya kutosha kinakuwa laini.

Mzee aliporudi alikuja moja kwa moja, akaweka sikio ukutani.

"Washa."

"Nimeshawasha."

Hakuondoa sikio. Alifunga macho, akaendelea kuyasikiliza mabati yasiyonguruma tena.