Bustani Niliyompandia Binti Yangu Jangwani

Binti yangu anakaa Arizona, katika nyumba ya mwisho ya mtaa wao. Nyuma yake ni nyasi kavu na miiba mpaka mlimani. Alihama Minnesota kwa kuchoka na theluji, na muuguzi hakosi kazi popote. Mimi na mama yake tulibaki hapa Crystal, mji wa Minnesota.

Asubuhi moja ya Juni nilikuwa jikoni nikitazama kwenye simu hali ya hewa ya kwake. Huwa naitazama kabla ya kutazama yetu. Kulikuwa na onyo la hatari ya moto: joto kali, hewa kavu kabisa, na upepo mkali utakaoanza kesho yake mchana. Maonyo kama hayo nilikwisha kuyaona. Lile lilinishtua kwa sababu mwaka uliotangulia nilikwenda kumtembelea, nikaizungushia nyumba yake kuni.

Wakati ule sikuziita kuni, niliziita bustani. Nilikuta uwanja wa udongo mtupu na changarawe, nikamwambia unafanana na uwanja wa nyumba isiyo na mwenyewe. Majirani zetu wa Crystal hupanda vichaka chini ya madirisha, kisha hufunika udongo kwa magome ya miti yaliyosagwa. Mvua ya huku inaruhusu. Basi nami nikampandia vichaka vyenye majani kama sindano, vinavyonukia utomvu, vikigusa ukuta, na chini yake nikamwaga magome gunia baada ya gunia.

Na mimi ni mtu wa Makueni, Kenya. Mama yangu alifagia uwanja kila asubuhi, na kiangazi kilipokaza alipalilia mpaka nyuma ya ghala, pasibaki unyasi hata mmoja karibu na nyumba. Tuliishi katika nyumba za nyasi, na upepo wa kiangazi tuliujua. Lakini nilipofika sekondari nikaona nyumba za walimu zimezungukwa na maua, nikaanza kuuonea haya uwanja wa mama. Haya hiyo nilisafiri nayo mpaka Arizona.

Nikampigia simu ya video. Alikuwa bado amevaa sare za kazi.

“Baba, ndio nimetoka shifti. Nataka kulala.”

“Lala, lakini ukiamka ung’oe vile vichaka nilivyopanda. Na magome yote yaondoke.”

Akacheka. “Si ni wewe ulisema uwanja wangu unaaibisha?”

“Nilisema.”

Mama yake alikuwa mezani anachambua sukuma wiki. Hakuinua kichwa. “Mzee, ulibishana naye wiki nzima avikubali,” akasema. “Sasa utabishana naye wiki nzima avikatae?”

“Hatuna wiki. Kuna onyo la moto, tuna mpaka kesho mchana.”

Binti yangu akageuza simu nione dirishani. Vichaka vilikuwa vimenenepa. “Navinywesha maji kila jioni,” akasema. “Nikisafiri namwomba jirani. Huku sina kitu kingine cha kwetu, Baba. Nikivitazama nakukumbuka ukiwa umepiga magoti pale.”

Neno hilo lilinipata. Ningeweza kumwambia avimwagie maji mengi tu tutumaini mema, na siku ingeisha kwa upendo. Nikajikaza.

“Nilikosea,” nikamwambia. “Nilitaka watu wanaopita wasifu nyumba yako. Upepo wa huko sikuuliza habari zake. Nakuomba uving’oe.”

Akaisogeza simu karibu na uso. “Wewe huwa huombi. Huwa unaamuru.”

“Basi nimeanza leo.”

Jua la kwake lilipoteremka alipiga, akaegemeza simu dirishani, akachukua sururu. Mizizi ilikuwa imeshika.

“Chimba kando kwanza,” nikasema. “Usivute majani.”

“Baba, wewe uko kwa kiti.”

“Niko kwa kiti lakini mgongo unauma.”

“Pole kwa mgongo wako.”

Aling’oa vyote. Jirani yake alileta pikapu, wakapakia vichaka na magome kwa koleo. Nikaona ua wa mbao unagusa kona ya nyumba. Nikamwomba jirani atoe kile kipande cha mwisho. Akakitoa bila kuuliza mzee huyu wa kwenye simu ni nani. Kisha binti yangu akafagia, na mimi nikakataa kukata simu mpaka udongo ulipoonekana kutoka ukutani hadi kwenye ua.

Upepo ulifika kama walivyosema. Moto ulianzia upande wa mlimani, na mtaa ukaamriwa uondoke. Binti yangu akaenda hospitalini kwake kufanya kazi, kwa maana hakuwa na pengine pa kukaa kwa utulivu. Mimi na mama yake tulikaa karibu na simu. Chakula kilipoa mezani.

Waliporuhusiwa kurudi alinionyesha nyumba ikiwa nzima. Ua wa mbao ulikuwa umeungua wote hadi pale tulipotoa kile kipande, moto ukakosa pa kushika. Uwanjani palikuwa na madoa meusi, alama za cheche zilizoletwa na upepo. Nyingine zilikuwa chini kabisa ya dirisha, mahali palepale nilipopiga magoti.

“Hapa,” akasema, akigusa doa moja kwa kidole cha mguu.

Siku hizi akitoka shifti hunipigia kabla ya kulala. Simu anaiegemeza palepale dirishani, halafu anafagia. Mimi nipo na chai yangu, nasikia ufagio ukipita juu ya udongo.

“Kushoto umeacha majani,” namwambia.

“Nimeyaona, Baba. Kunywa chai.”