Mkalimani Aliyekatazwa Mikono

Kwa miaka minne Mama Mikono alikuwa ndiye sikio na sauti ya Hadubini. Jina hilo la kwanza wanafunzi walimpa kwa sababu ya kazi yake, ukalimani wa lugha ya alama. La pili walimpa yule binti kiziwi, wa kwanza wa aina yake kusomea shahada ya uzamivu ya sayansi ya tiba chuoni pale, kwa kuwa hata saa ya chakula ungemkuta ameinamia hadubini.

Lugha ya alama haikuwa na alama za mambo yale. Nani angezitunga, na viziwi hawajawahi kukanyaga maabara? Basi wawili hao wakazitunga wenyewe, huku wakicheka mpaka mbavu ziwaume. Kimelea cha malaria kikawa kidole kilichopinda. Protini inayokisaidia kupenya kwenye seli ya damu ikawa ufunguo unaozungushwa. Msimamizi wa utafiti alimwambia Mama Mikono mara nyingi, "Ziandike hizo, mama, tuzipeleke ofisi ya mitihani zikasajiliwe." Naye kila mara alijibu, "Wiki ijayo." Wiki ijayo hiyo ilidumu miaka mitatu.

Siku kumi kabla ya Hadubini kutetea tasnifu, ikaja barua ya ofisi ya mitihani: mkalimani wa mtihani awe mtu asiyemjua mtahiniwa, isije ikasemwa amesaidiwa. Kwenye karatasi, hiyo ni haki kabisa, na waliotunga kanuni bila shaka walipongezana. Mama Mikono akaandika orodha ya alama mbio mbio, akaipeleka ofisini. Ikakataliwa. Kwa kuwa haikusajiliwa mapema, nayo ilihesabiwa kuwa msaada.

Siku ya mtihani alikaa nyuma na wasikilizaji, mikono ameikalia. Mtahini wa kwanza akauliza kimelea kinaingiaje kwenye seli. Hadubini akajibu kwa dakika tano, mikono yake ikienda kwa raha, na Mama Mikono alielewa kila kitu. Lilikuwa jibu la mtu anayejua. Mkalimani mgeni, kijana nadhifu asiye na kosa lolote, akasema alichokiona:

"Kidudu kinakuja. Kina ufunguo. Kinafungua mlango. Kinaingia ndani."

Watahini wakatazamana. Mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mama Mikono akanyoosha mkono.

"Wasikilizaji hawaruhusiwi kusema," mwenyekiti wa watahini akasema. "Nikikuona tena, mtihani unafutwa."

Akaurudisha mkono chini. Angefanya nini? Kwa saa mbili alisikia mtaalamu akigeuzwa mtoto wa chekechea, na mwenyewe hana habari.

Hadubini akatoka nje anameremeta. "Mama, umeonaje?" akauliza kwa mikono. "Sijawahi kujibu vizuri vile!"

Kabla Mama Mikono hajainua mikono kumjibu, katibu akachungulia mlangoni. "Mkalimani wetu ameshaondoka, muda wake umekwisha. Mama, njoo wewe utafsiri matokeo. Sasa inaruhusiwa."

Wakaingia. Mwenyekiti alikuwa ameifunga tasnifu. "Mwambie maandishi haya ni ya kiwango cha juu sana. Lakini tuliyoyasikia leo hayawezi kutoka kwa mtu aliyeyaandika. Hatumpitishi. Na tunataka atuambie nani alimwandikia."

"Mheshimiwa, amejibu vizuri! Zile alama tulizitunga mimi na yeye, yule kijana hakuweza kuzijua."

"Mliketi pamoja miaka minne," mwenyekiti akasema, taratibu tu, bila ubaya. "Wewe, mama, ndiye mtu wa mwisho tunayeweza kumsikiliza juu ya jambo hili. Tafadhali, tafsiri."

Hadubini alikuwa amemgeukia, bado anatabasamu, anaisubiri mikono. Mama Mikono akaiinua akatafsiri yote, neno kwa neno, kama alivyokula kiapo cha kazi yake.

Hadubini alidhani ameona vibaya. Akamwomba arudie.

Mama Mikono akarudia.