Bastola Niliyoipitisha Langoni

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho naiona yote, hata joto la mawe chini ya viatu vyangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mwaka wa sitini na nne tulikuwa tumehama Unguja, mimi na kaka yangu Nasoro, tukaja kukaa Matrah, huku Omani, kwa ami yetu. Wazee wetu walikuwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Nasoro ndiye aliyekuwa kaka, ndiye baba, ndiye kila kitu.

Mwaka ule wa kwanza nilitembea katika nchi hii kama mtu aliyeamshwa na ndoto haijesha. Milima ya mawe matupu inashuka mpaka baharini. Kuta nyeupe zinawaka jua hata hujui utazame wapi. Kiarabu nilichokizoea chuoni, kwenye msahafu, hapa nakisikia wauza samaki wanatukanana nacho. Na wanaume na bunduki zao! Kwetu bunduki nilizijua kwa polisi tu, mpaka mwezi ule wa mapinduzi tulipoziona nyingi kuliko tulivyotaka. Huku mzee anakwenda kununua vitunguu, bunduki begani, kama aliyechukua mkongojo.

Lakini ndani ya ukuta wa Maskati, mji wa jirani yetu, amri ilikuwa nyengine. Mwenye bunduki aiache langoni. Anatoa risasi, askari anaiegemeza ukutani, na mwenyewe anaichukua akitoka. Asiye na kibali hapiti na silaha, hata awe mkubwa wa kabila. Kila mtu hufunga kitambaa chake kwenye bunduki yake isije ikachanganyika na za wenziwe, kimoja chekundu, kimoja cha kijani, na mimi nikipita naziona zimejipanga pale kivulini kama watu waliosinzia.

Askari aliyekuwa akishika zamu ya asubuhi ni Mzee Khalfan. Ujana wake aliumaliza Pemba kwenye mikarafuu, kwa hivyo akiniona hunisemesha Kiswahili, na mimi moyo wangu hutulia.

Sasa huyo Nasoro alitukanwa. Mfanyabiashara mmoja wa nguo ndani ya Maskati, jina lake Sulum, alimwambia mbele za watu, "Nyinyi mliikimbia nchi yenu kama wanawake." Nasoro aligeuka akaondoka. Alirudi nyumbani, akala, akalala, nasi tukadhani yamekwisha. Baada ya wiki chache akaniita uani. Mkononi ana bastola.

"Zuwena, nipitishie hii langoni. Wanawake hawapekuliwi."

"Ya nini, kaka?"

"Kuna mtu ndani anataka kuinunua. Basi."

Nilimtazama. Macho yake hayakutulia. Niliona, mwanangu. Nnakwambia wewe leo, kwa sababu jana nimekusikia ukisema kumchukulia mtu mzigo wake si kitu. Niliona kuwa ananidanganya, na bado nikaipokea. Nilifurahi kwamba katika watu wote kaniamini mimi.

Nikaiweka ndani ya kikapu, chini kabisa, juu yake nguo zilizopigwa pasi za shangazi yetu aliyekaa Maskati. Mzee Khalfan akanisimamisha kwa tabasamu.

"Umechukua nini leo, mwanangu?"

"Nguo za shangazi, baba."

"Haya, pita. Mungu akuhifadhi."

Nasoro alikuwa ananingoja kwenye kona. Akaichukua, akaondoka. Nikaenda kwa shangazi, akanimiminia kahawa, na kikombe sijakifikisha mdomoni nikausikia mlio. Mmoja tu. Shangazi akasema labda wanajaribu mzinga ngomeni. Mimi nilijua.

Sulum alipigwa risasi ya bega. Hakufa, alhamdulillahi, lakini mkono ule haukunyanyuka tena kupita kifua. Nasoro walimkamata pale pale. Na jioni ya siku ile wakamchukua na Mzee Khalfan, kwa kuwa silaha imepita katika zamu yake. Walisema ama kazembea, ama kapewa kitu.

Ami akaniambia, "Nyamaza. Usiitie aibu nyumba. Yule mzee watamwachia wenyewe."

Nikanyamaza siku tatu. Siku ya nne nilitumwa Maskati, nikakuta askari mgeni langoni. Wanawake wamepangwa mstari juani, na yeye anafumua vifurushi vyao kwa ncha ya bakora, chupi na kanga zinaanguka vumbini mbele ya wanaume. Bibi mmoja mtu mzima alikuwa analia. Sikuweza kumtazama. Nikatoka kwenye mstari, nikaenda moja kwa moja kwenye baraza ya wali, mkuu wa mji.

Wali alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kaka yako alikwambia anaitakia nini?"

"Alisema anaiuza."

"Nawe ulimwamini?"

Hapo ningeweza kusema ndiyo. Neno dogo hilo lingemsaidia Nasoro. Nikasema, "Sikumwamini."

Mzee Khalfan alitoka siku ile ile. Nasoro alifungwa miaka minne, kwani kwa maneno yangu ilijulikana kuwa alikusudia. Mimi nilirudishwa kwa ami kwa onyo kali.

Nilimngoja Mzee Khalfan nje, nikainama kumbusu mkono. Akauvuta.

"Mimi nina bunduki," akasema, "na nyuma yangu kuna ukuta mrefu. Vyote hivyo havikulinda kitu. Nilikuuliza, ukanijibu. Sheria yote ilikuwa hapo, baina yangu na wewe." Kisha akaongeza, "Nimekusamehe. Lakini usimwambie mtu kuwa ulikuwa hujui."

Nasoro alipotoka nywele za pembeni zilikuwa zimeingia mvi. Nilidhani atanilaumu kwa kumsemea. Tulikaa uani, anatazama mikono yake, akasema, "Ungenikatalia tu, Zuwena." Hakulirudia tena neno hilo mpaka anaingia kaburini.

Basi, mwanangu, utakuta amri nyingi katika maisha yako, na nyengine zitakukera. Jua kuwa anayezisimamia ni mtu, na ukimdanganya, yeye ndiye atakayelipa, na baada yake watapekuliwa wasiokosa. Usichukue mzigo ambao mwenyewe hawezi kukutazama machoni akikueleza ni wa nini. Na anayekupenda akija na hasira, mkatalie mapema, hasira ingali maneno. Atanuna. Mwache anune.

Mungu akujaalie ndugu unaowapenda, akupe na moyo wa kuwakatalia. Amin.