Ferista Anaanza Chini ya Kitanda

Kwa miaka kumi na moja Ferista aliijua wodi ya wanaume kwa kuanzia sakafuni. Alikuwa mhudumu katika hospitali moja hapa Tunduma: ndoo, dekio, sabuni ya unga, na magoti yaliyozoea sementi. Madaktari walimfahamu kama yule mama wa deki. Wagonjwa hawakumfahamu kabisa, maana mtu mwenye maumivu hamtazami anayefuta chini. Lakini yeye aliwajua wote, tena kwa namna ambayo haijaandikwa kwenye faili lolote.

Chini ya kitanda kuna habari nyingi, nyie! Ndala kavu zilizokaa siku mbili pale pale: huyu hajashuka kitandani wala hajaenda chooni. Bakuli la uji lililofunikwa, na uji umeganda ngozi juu: huyu anamdanganya mkewe kwamba anakula. Mfuko wa mkojo uliojaa hadi shingoni, au wenye rangi ya chai ya rangi. Ferista akiona jambo la namna hiyo alikuwa anasimama na dekio lake, anamnong'oneza nesi wa zamu, "Sista, kitanda cha nne hajashuka tangu jana." Manesi wengine walimjibu afanye kazi yake. Gwantwa hakumjibu hivyo. Gwantwa, inchaji, yaani msimamizi wa wodi, binti mdogo kwake kwa miaka sita, alikuwa akienda kuangalia, na mara nyingi alirudi akikimbia kumwita daktari.

Siku moja Gwantwa alimsimamisha kwenye korido. "Dada Ferista, wewe ni nesi usiye na cheti. Nenda kakitafute."

Ferista alicheka sana. Halafu akalia, halafu akaenda kuulizia fomu.

Alikuwa na miaka thelathini na nne. Alirudia mtihani wa kidato cha nne katika baiolojia na kemia, akajiunga na chuo cha uuguzi, na darasani watoto wa miaka kumi na tisa wakambatiza jina la Mama Darasa. Alikuwa na daftari moja nene lililofunikwa kwa gazeti. Kila kazi ya kitandani aliiandika mara tatu: kitabu kinavyosema, watu wanavyoifanya kweli wodini, na kwa nini. Kumgeuza mgonjwa, kuhesabu pumzi dakika nzima bila kubahatisha, kuosha kidonda, kupokeza zamu ukiwa mbele ya mgonjwa mwenyewe badala ya kwenye meza ya chai. Wale watoto walianza kwa kumcheka kwa lile daftari, wakamalizia kwa kuliazima.

Basi mwaka wa mwisho, mtihani wa vitendo ulipofika, kila mtu alijua Mama Darasa atafaulu akiwa amefumba macho. Akafeli.

Alifeli kwa sababu ya mazoea. Aliingia chumbani kwa mgonjwa wa mtihani, hakusalimia, hakujitambulisha, akapiga goti na kuchungulia chini ya kitanda. Mgonjwa akashtuka, akavuta shuka hadi kidevuni. Mtahini alikuwa Madamu Imelda, mwalimu kutoka chuo kingine, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba na sauti isiyopanda wala kushuka. "Unatafuta nini huko," aliuliza, "panya?" Tangu hapo Ferista akababaika kila hatua, muda ukamwishia akiwa hata hajanawa mikono.

Sasa alibakiwa na nafasi moja tu, ya kurudia. Akifeli tena, chuo kinamtoa, na hapakuwa na pa kurudi: hata ile ndoo ya deki ilishapata mwenyewe mwingine. Miaka yote ile ya kujibana ingeishia kwenye dakika ishirini. Gwantwa alimpa maneno mawili tu. La kwanza: fuata karatasi, hatua kwa hatua. La pili: "Useme unachokifanya na kwa nini unakifanya. Mtahini haoni kilichomo kichwani mwako, dada. Mwonyeshe kwa mdomo."

Nyumbani, huko Mpemba nje kidogo ya mji, mgonjwa wa mazoezi akawa mumewe, Jastin, fundi wa matairi ya malori. Jastin alilala kwenye benchi la sebuleni akijifanya yu mahututi, akaipenda kazi hiyo kupita kiasi. "Nakufa, sista! Waambieni madereva wa Zambia wanidai tu matairi yao, nimeshakufa!" Ferista alimsalimia, akajitambulisha, akaomba ruhusa, akanawa mikono kwenye beseni, akapima mapigo. Mara thelathini, arobaini. Kila alipotaka kuchungulia chini ya benchi, Jastin alimgonga bega kwa kidole. "Huko hakuna kitu, mama. Ni spana zangu."

Asubuhi ya mtihani ilipofika aliamka moyo unamdunda kwa furaha, wala si kwa woga peke yake. Ndiyo, furaha! Alivaa sare iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, akaingia getini pale pale alipokuwa akiingia na ndoo, na mlinzi akamwita sista. Aliitikia kama mtu aliyeitwa hivyo maisha yake yote.

Wodi ilijaa watu wa sare nyeupe: watahiniwa, walimu, manesi. Kura ikampa kitanda cha sita. Madamu Imelda alikuwa tayari amesimama hapo na ubao wake wa kuandikia, na miwani ile ile ya kamba.

"Mgonjwa amepasuliwa ngiri juzi," alisoma. "Amewekewa mpira wa mkojo. Analalamika maumivu tangu asubuhi. Daktari ameagiza sindano ya maumivu, apewe ikihitajika. Una dakika ishirini. Anza."

Ferista alinawa mikono. Akasogea hadi pale mgonjwa anapoweza kumwona bila kugeuza shingo. Alikuwa mzee wa Kinamwanga, mwenye mvi fupi na mikono ya jembe, anahangaika, anakunja mguu na kuukunjua.

"Mwapoleni, tata. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," mzee alisema, na kusikia salamu ya kwao, na kuitwa baba kwa lugha yake, kulimtuliza kidogo.

"Naitwa Ferista, ni mwanafunzi wa uuguzi. Naomba unitajie jina lako, nilinganishe na faili."

"Yonasi."

Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote safi. Kalamu ya Madamu Imelda ilikuwa ikitembea. Mapigo ya moyo mia moja na sita. Presha imepanda. Pumzi alizihesabu dakika nzima, macho kwenye saa, na alizisema kwa sauti. Akaandaa kisahani, bomba, pamba, na chupa ya dawa bado imefungwa. Dakika ya kumi. Ferista aliusikia ushindi kwa karibu kabisa, kiasi kwamba alitamani kumkonyeza mtu.

"Kabla sijakupa dawa, tata, nionyeshe kwa mkono panapouma."

Mzee Yonasi hakushika kidonda. Kidonda kilikuwa upande wa kulia, kwenye kinena. Yeye aliweka kiganja katikati, chini ya kitovu. "Hapa. Panataka kupasuka."

Ferista alisimama na bomba mkononi. Kila kitu ndani yake kikamwambia ainame. Magoti yalishaanza kukunjika yenyewe! Na kila kitu kingine kikamwambia: usithubutu, Ferista, choma sindano, chukua alama zako, nenda nyumbani ukawe nesi. Sindano ilikuwa imeandikwa na daktari. Hakuna mtu hata mmoja ambaye angemlaumu.

Ndipo maneno ya Gwantwa yakamjia, na akaona, kwa raha iliyomjaa kifua kizima, kwamba hakuhitaji kuchagua.

"Tata Yonasi," alisema, sauti ikasikika hadi kitanda cha nane, "maumivu yako hayako kwenye kidonda, na una mpira wa mkojo. Naomba ruhusa niangalie mfuko wako hapo chini ya kitanda, nijue kama mkojo unatoka."

"Angalia, mwanangu."

Alipiga goti. Kalamu ya Madamu Imelda ikasimama.

Mfuko ulikuwa mtupu. Kwenye karatasi ya kitandani ilionekana umemwagwa saa kumi na mbili asubuhi. Sasa ilikuwa saa nne, na dripu ilikuwa ikishuka muda wote huo. "Mfuko mtupu kwa saa nne," Ferista alisema kwa sauti. "Ninaufuata mpira." Akaufuata kwa vidole kutoka kwenye mfuko kwenda juu, inchi kwa inchi, hadi ulipoingia kati ya godoro na chuma cha kitanda. Hapo ulikuwa umebanwa. Juu yake kulikuwa na kitu kigumu.

"Tata, hapa chini ya godoro kuna nini?"

Mzee akatazama dari. "Vitu vyangu."

"Vitu gani?"

"Gambuti." Akashusha sauti. "Mpya. Nimezinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, hata sijazivaa. Zilikuwa hapo chini, lakini alfajiri wameingia watu wengi weupe weupe, siwajui hata mmoja. Nikazisogeza."

Mgonjwa wa kitanda cha saba akaanza kucheka huku ameshika mshono wake.

"Zinabana mpira, tata. Mkojo hauna njia. Naomba nizitoe."

"Utaziweka wapi?"

"Zimebaki dakika nne," Madamu Imelda alisema.

"Nitaziweka chini."

"Chini hapana! Na miguu yote hii?"

Ferista angeweza kubishana naye hadi kengele. Badala yake alifanya jambo ambalo Jastin hakuliamini hata aliposimuliwa mara tatu. Alizichomoa zile gambuti, nyeusi, zinang'aa, bado zimefungwa pamoja kwa kamba ya dukani, akageuka na kumkabidhi mtahini.

"Madamu, naomba utushikie."

Na Madamu Imelda, ubao mkono mmoja, akazipokea kwa mkono wa pili.

Mpira ukanyooka. Kwa sekunde chache hakukuwa na kitu. Halafu mkojo ukaanza kushuka, ukashuka, ukashuka, na uso wa mzee Yonasi ukalegea, macho yakajifunga, akatoa pumzi ndefu iliyosikika wodi nzima. "Ayaa, mwanangu," alisema. "Ayaa."

Ferista alitaka kupiga kigelegele. Akajizuia, akanawa mikono, akaendelea, maneno yakimkimbia mdomoni. "Mililita mia sita. Mgonjwa anasema maumivu yamepungua. Sindano ninaisitisha kwa sasa, chupa haijafunguliwa. Nitampima tena mapigo na presha baada ya dakika kumi na tano, nitaandika kwenye faili, na nitamtaarifu daktari na..."

Kengele ikalia.

Nje, kwenye korido, alisimama ukutani kwa nusu saa. Furaha ilimshuka taratibu na hesabu zikaanza kumwingia: sindano hakuichoma. Mtihani ulikuwa na sindano, na yeye hakuichoma. Gwantwa alipita, akamshika mkono, akaendelea na zamu yake.

Mlango ukafunguliwa. Madamu Imelda akatoka.

"Sehemu ya kuchoma sindano sikukupa alama," alisema, sauti haijapanda wala kushuka. "Hujachoma. Siwezi kuandika ambacho sijakiona."

Ferista alitikisa kichwa kuitikia.

"Lakini kumchunguza mgonjwa kabla ya dawa, kuomba ruhusa, kueleza, kuamua, kuandika: zote nimekupa. Nimejumlisha mara mbili. Umefaulu, na umebaki na ziada."

Kile kigelegele alichokizuia kikatoka chenyewe, kirefu, kikapita wodi ya wanaume, kikafika maabara. Gwantwa alikuja mbio akidhani kuna msiba. Wakakumbatiana, wakarukaruka, kofia ya Gwantwa ikaanguka, na Ferista akawa analia na kucheka kwa pamoja akisema, "Sista! Sista!" asijue anamwita mwenzake au anajiita mwenyewe.

Ndani ya wodi mtu akapaza sauti.

"Madamu! Gambuti zangu!"

Madamu Imelda akajitazama. Alikuwa bado amezikumbatia kwapani. Alirudi ndani haraka, na Ferista, machozi yakiwa bado mashavuni, akamfuata kwa macho kutoka mlangoni. Alimwona akimsemesha mzee Yonasi, kisha akikunja sketi yake na kupiga goti ili aziweke gambuti chini ya kitanda, mbali na mfuko, ncha zikielekea nje. Kazi ya sekunde tano.

Lakini Madamu hakusimama. Alikaa pale pale gotini, akavaa miwani yake, akainamisha kichwa, akaanza kuchungulia chini ya kitanda cha saba.